Bawa Lililonuka Bani

"Hivi siku hizi mnakausha mpaka ndege?"

Swali hilo aliliuliza Mama Zuena, jirani, akiwa ameegemea ufagio upande wake wa ua. Aliuliza kwa utani tu, maana alimwona Kaneza akitoka bani, banda lao la kukaushia tumbaku, asubuhi na mapema, amekumbatia kitu kipana kilichofunikwa kanga, ncha yake nyeupe imechomoza. Kaneza alicheka kicheko cha juu juu, akamwamkia, "Shikamoo, Mama Zuena," kisha akakazana kuingia ndani kabla hajaulizwa swali la pili.

Kwao Ulyankulu, msimu wa tumbaku ukifika, maisha yote yanazunguka bani. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Kaneza huchochea moto wa tanuru ili joto lipite kwenye bomba la chuma na kukausha majani yaliyoning'inizwa kwenye fito. Na si majani tu. Sare ikinyeshewa, inapelekwa bani. Viatu, bani. Hata kigodoro cha mdogo wake, baada ya ajali za usiku, kimewahi kulala bani. Nyumbani kwao kitu kikiwa kibichi hakuna anayejiuliza mara mbili.

Lakini alichokumbatia asubuhi ile hakikuwa kigodoro. Lilikuwa bawa la klabu ya sayansi ya shule. Waliliita bawa kwa sababu halikuwa na mkia wala tumbo: ni mbawa mbili zilizoungana, zimekatwa kwenye povu gumu linalonesa, na nyuma yake pana mota ndogo yenye pangaboi. Linaongozwa kwa rimoti. Mchezo wake ni vita. Mabawa mawili yanapanda angani, kila moja likiburuta utepe wa karatasi, na anayekata utepe wa mwenzake ndiye mshindi. Yanagongana, yanaanguka, yanaokotwa na kurushwa tena, maana povu lile likigongwa linabonyea kisha linarudi. Jumamosi ile walikuwa waende Tabora mjini kupambana na shule nyingine.

Rubani alikuwa Shilinde, mtoto wa wafugaji. Kaneza alikuwa fundi, naye aliitaka sana ile rimoti. Kwa hiyo wawili hao hawakupikika chungu kimoja.

"Unanuka bani," Shilinde humwambia.

"Na wewe unanuka zizi," Kaneza humjibu. "Nenda kachunge!"

Siku ya Jumanne, wakati wa mazoezi, bawa liligonga mlingoti wa bendera likachanika ubavuni. Mwalimu Leodgar, mlezi wa klabu, alimkabidhi Kaneza gundi na bawa, akamwambia, "Liache kivulini, gundi ikauke yenyewe. Hili haliogopi kugongwa, linaogopa joto." Kaneza aliitikia. Ila jioni nyumbani alipoibonyeza gundi aliona bado inanata kidoleni. Akachomoa betri, akalitundika bawa kwenye ufito bani, jirani na bomba. Asubuhi akalikuta upande mmoja umejikunja kama jani la tumbaku. Alilinyoosha kwa mikono mpaka likaonekana zima. Kuonekana tu.

Siku hiyo ya Jumatano, Shilinde ndiye aliyelitoa darasani kulipeleka uwanjani. Lilipanda kidogo, likabiringika, likajichoma ardhini. Wakarudia. Likabiringika tena. Mwalimu Leodgar aliliokota, akaliweka usawa wa macho.

"Limepinda," alisema. "Nani amefanya hivi?"

Kaneza alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kabla hajaipa ruhusa.

"Shilinde amelikalia, Mwalimu. Nimemwona darasani."

"Mimi?" Shilinde aliruka. "Kaneza, mimi? Mwongo wewe!" Alilivuta bawa, akalinusa. "Mwalimu, nusa. Linanuka moshi wa tumbaku!"

"Ulyankulu yote inanuka tumbaku," Kaneza alisema. "Hata shati lako."

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu Leodgar, ambaye safari ilimkaa kichwani kuliko kitu kingine, hakunusa. Alinyoosha mkono, akachukua rimoti. "Shilinde, klabu basi. Tabora huendi. Kesho uje na mzazi."

Kuanzia hapo Shilinde hakuwa na jina jingine. "Mkalia Bawa! Usikalie dawati letu, litapinda!" Walimwimbia njia nzima mpaka njia panda ya malishoni. Mmoja akamrushia dongo. Kaneza alitembea nyuma yao. Rimoti sasa ingekuwa yake, lakini hakuifurahia.

Jioni, Kaneza akimsaidia mama yake kufunga majani kwenye fito, Mama Zuena alipita na ndoo yake. "Kaneza, ile ndege yenu ilikauka vizuri?"

Mama yake, Leonia, alisimamisha mikono. Alisubiri jirani apite. "Ndege gani?"

Kaneza aliendelea kufunga uzi.

"Nakuuliza, ndege gani iliingia bani kwangu?"

Ikabidi aseme. Alisema bani, akasema gundi, na mwisho akasema alivyomsingizia Shilinde. Mama hakupandisha sauti, wala hakumgusa. Alimwambia tu, "Leo kwenye sala ya jioni ukifika pale pa kuomba msamaha, unyamaze. Kwanza nenda kwa uliyemkosea. Kesho utasema mwenyewe. Mimi nitasimama mlangoni."

Alhamisi, Mama Shilinde, mama mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa amekwisha kuwasha moto ofisini kwa Mwalimu. "Mwanangu mnamwita mharibifu! Amekataa kula. Kisa sisi tunakaa porini na mifugo, kila kinachoharibika ni sisi?"

"Mama, tulia kwanza..."

"Sitatulia!"

Kaneza aliingia. Nyuma yake mama yake alikuwa ameujaza mlango.

"Mwalimu, ni mimi. Nililitundika bani. Lilijikunja huko. Shilinde hakulikalia. Nilimsingizia."

Mama Shilinde alimtazama kuanzia vidole mpaka nywele. "Binti wa watu wanaosali kila jioni," alisema. Neno hilo lilimchoma Leonia pale mlangoni.

Mwalimu Leodgar alilinusa bawa, akafumba macho kidogo. "Moshi mtupu. Shilinde aliniambia ninuse, nikakataa. Kosa hilo ni langu, nami nitalisema mbele ya shule." Akamgeukia Kaneza. "Kulitia bani ni kosa la haraka. Ungeniambia, tungekata ubavu mwingine, yakaisha. Lakini ulichukua kosa lako ukamvika mwenzako, akapigwa dongo kwa ajili yako. Sikiliza, binti. Povu hili likigongwa linarudi lilivyokuwa. Mtu aliyesingiziwa harudi hivyo. Anarudi polepole, na pengine kwako asirudi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa halijamkalia mtu mwingine."

Alipanga hapo hapo: Shilinde anarudi klabu na ndiye atakayerusha Tabora. Kaneza ataomba radhi mbele ya wote, atatengeneza ubavu mpya, na Jumamosi atabaki nyumbani.

Kaneza aliomba radhi mstarini. Hakuna aliyepiga makofi. Mchana alikata povu, akapaka gundi, akaliweka bawa kivulini, na safari hii hakuigusa gundi hata kwa kidole.

Ijumaa baada ya masomo bawa lilikuwa kavu na limenyooka kabisa. Alilibeba mpaka darasani alikokuwa Shilinde, akaliweka mezani pamoja na rimoti aliyopewa na Mwalimu.

"Liko sawa," alisema. "Nisamehe, Shilinde."

Shilinde aliliinua, akalinusa upande huu, akalinusa upande ule. Akalipima usawa wa macho kama alivyofanya Mwalimu. Kisha akalitia bawa kwapani, akachukua rimoti, akatoka, akamwacha Kaneza na meza tupu.