Hoteli ya Karibu na Picha ya Babu

"Bwawa la nini, na wewe huogelei?" mke aliuliza.

"Nitatia miguu," fundi cherehani alijibu, macho kwenye simu. "Hoteli kubwa hii. Na wameandika ni dakika kumi tu hadi makumbusho ya sanaa."

"Tunasafiri kwa ajili ya baba yangu, si kwa ajili ya miguu yako."

Baba huyo, ambaye nyumbani wote humwita Babu, alikuwa kitini akiwasikiliza. Maisha yake yote alichora mabango ya maduka. Kwenye ukuta wa chumba hicho alikuwa amebandika picha ya mwanamke anayechota maji, aliyoikata kwenye kalenda. Picha halisi iko kwenye makumbusho hayo. Alitaka kuiona angali anaona vizuri. Lakini magoti yamemgomea. Akitembea kidogo, lazima alale.

Jirani yao, Mama Mashuka, aliingia kurudisha sufuria. Kazi yake ni kusafisha vyumba vya hoteli. Alionyeshwa simu.

"Dakika kumi kwa gari au kwa miguu?"

"Hawakusema."

"Basi ni kwa gari, tena siku isiyo na foleni. Fungua ramani, shemeji. Anzia makumbusho, ndipo utafute kitanda."

Fundi alitafuta. Ile hoteli kubwa ilikuwa nje kabisa ya mji. Nyuma ya makumbusho palikuwa na hoteli ndogo.

"Hiki si kibanda cha kuku?"

"Kuku wanalala vizuri," alisema Mama Mashuka. "Ila usiamini picha. Soma waliolala pale wanasemaje, kisha piga simu. Uliza kuhusu ngazi. Na makumbusho nako uliza kama tiketi inaruhusu kutoka na kurudi."

Babu aliinua kichwa. "Yaani nikichoka nikalale, halafu niende tena kumtazama yule mchota maji?"

"Hata mara tatu, baba," binti yake alisema.

Maoni ya wageni yalikuwa mazuri. Walipouliza makumbusho, waliambiwa tiketi inaruhusu kurudi. Fundi akapiga simu hotelini, sauti ikasikika chumba kizima.

"Mkitoka mlangoni mnavuka barabara moja tu," mhudumu alisema. "Chumba cha chini kipo, hakina ngazi."

"Kuna bwawa?"

"Kuna beseni," mke alidakia. Mhudumu akacheka.

"Haya, tuwekee hicho cha chini," alisema fundi. "Andika jina la mzee."

Babu alikuwa ameshafika ukutani, anabandua picha yake.

"Unaipeleka wapi, baba?"

"Naenda nayo. Nikahakikishe kama mwenye kalenda hakutudanganya rangi."