Boksi la Tisa la Bethwel

Saa kumi na mbili kasorobo jioni Esnah Nyatichi alifika kijiji cha Roret kwa pikapu, pamoja na Weldon, dereva wa chuo. Mvua ya mawe ilikuwa imekatika punde tu, na matope yalikuwa yamewachelewesha saa mbili nzima. Bwana Kebaso, mkuu wa maktaba ya chuo, alikuwa amemtuma Esnah kazi nyepesi: aende kwa mjane wa Bethwel Kipngetich, afungue kila boksi la karatasi, aandike orodha ya kilichomo, kisha arudi nazo.

Bethwel alikuwa mhariri wa vitabu vya saikolojia kule Nairobi kwa miaka kumi na tisa. Wasomi walimtumia miswada, naye aliisafisha kwa kalamu nyekundu mpaka ikawa vitabu. Alistaafu, akarudi nyumbani kwenye shamba la chai aliloachiwa na baba yake. Alikufa Juni ya mwaka huo, 1996. Tangu mazishi, mjane wake alikuwa amepiga simu chuoni mara tatu akiuliza mbona hawaji.

Walimkuta mjane huyo, Elmina, amesimama kando ya njia, shuka mabegani.

"Chamgei, Mama," Esnah alimsalimu. Yeye ni Mkisii, lakini salamu ya Wakipsigis aliijua.

"Chamgei mising. Mmechelewa." Elmina alitazama juu, mahali jua lilipokuwa likizama nyuma ya mawingu. "Ziko pale kwa ofisi yake. Mimi siingii huko."

Ofisi ilikuwa chumba cha mabati chenye meza moja na viti viwili. Chai ilikizunguka pande tatu, imeota karibu sana hivi kwamba matawi yalikwaruza ukuta upepo ulipovuma. Esnah aliwasha taa ya chemli, akaanza kazi. Barua za waandishi. Prufu za vitabu, kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa. Maoni ya maprofesa, marefu na makali. Kila alipomaliza boksi moja, Weldon alilibeba mpaka kwenye pikapu.

Maboksi manane yalienda vizuri.

La tisa lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, mafundo juu ya mafundo.

"Hilo beba tu," Elmina alisema kutoka nje. "Usilifungue."

"Lazima niandike kilichomo, Mama. Ndiyo kazi."

Esnah alisikia nyayo za mjane zikirudi nyuma kwenye nyasi. Weldon naye alisema anaenda kugeuza gari kabla halijazama kwenye matope. Esnah akabaki peke yake na kamba.

Fundo la mwisho lilipoachia, alisikia harufu.

Moshi.

Haukuwa moshi wa jikoni. Ilikuwa harufu ya nyasi za paa zinazoungua, nyasi mbichi… na ndani yake kitu kingine, kama nywele.

Alichungulia nje. Hakuna moto popote. Akarudi kwenye boksi.

Ndani mlikuwa na mswada wa kitabu kuhusu kumbukumbu na majonzi ya wazee, uliopigwa taipu kwa Kiingereza na mtafiti aitwaye Daktari Ogoti. Sura ya sita ilikuwa maneno ya mama mmoja kikongwe wa Soin, yaliyorekodiwa kwenye kaseti mwaka 1985. Kurasa tano zilikuwa zimekatwa kwa wino mwekundu kutoka juu mpaka chini. Pembeni, Bethwel alikuwa ameandika: *Porojo za mgonjwa. Ondoa zote.*

Chini yake kulikuwa na barua za Ogoti. Katika ya kwanza aliuliza kwa upole kwa nini sura yake imekatwa. Ya pili ilikuwa fupi: mama yule amefariki, na kabla ya kufa aliuliza kama maneno yake yameshafika kwenye kitabu. Ya tatu ilikuwa ya mwaka jana tu. *Bwana Kipngetich, unaniuliza yule mama alikuwa na sura gani. Nimekwisha kukuambia kwamba alikufa mwaka 1986. Anayekuja kukaa ofisini kwako kila jioni hawezi kuwa yeye. Tafadhali mwone daktari.*

Esnah alikunja barua.

Kiti cha pili kililia… *kriii*… kama kinavyolia mtu mzito akikikalia.

Bibi kizee alikuwa ameketi. Blanketi lake lilichuruzika maji. Esnah alijiambia kwamba ni mama mkwe wa Elmina, ameingia kimyakimya, wazee ndivyo walivyo.

"Shikamoo, gogo," alisema, kwa jina ambalo Wakipsigis humwitia nyanya.

"Soma," bibi alinong'ona.

"Nisome nini?"

"Pale amekata."

Sauti ilikuwa kavu, kama majani yanayosuguana. Esnah alitaka kuinuka. Badala yake akavuta kurasa karibu na taa. Akasoma, akitafsiri polepole, mistari ile iliyofichwa chini ya wino. Mama alisimulia kwamba mwaka 1961, alipokuwa akiishi huku Roret, ng'ombe walikufa kijijini, naye akaitwa mchawi. Watu walikuja mchana kweupe na mienge. Aliyewaongoza alikuwa mzee Kipngetich, mwenye shamba la juu, ambaye alikuwa amelitaka shamba lake miaka mingi. Nyumba ilichomwa. Yeye alitoroka na wajukuu wake wawili…

"Hapana."

Esnah aliinua macho kutoka kwenye ukurasa.

"Huyo taktari hakusikia muzuri. Nilitoroka peke yangu. Watoto walikuwa wamelala ndani." Bibi aliinama mbele, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba. "Antika."

"Gogo, mimi si mwandishi…"

"Huyu wa hapa pia alisema si kazi yake. Antika."

Esnah alichukua kalamu yake. Akaandika alivyoambiwa. Watoto wamelala ndani. Chai ilipandwa juu yao mwaka uliofuata. Mstari wa tatu kutoka tangi la maji, shina la saba.

"Unaongea na nani?"

Ilikuwa sauti ya Elmina, mlangoni. Esnah aligeuka. Alipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu. Maji yalidondoka kutoka kwenye mbao… tone moja… tone moja… Yalikuwa meusi kama maji ya masizi.

Elmina alikuwa ameshika kiberiti.

"Nipe hizo kurasa," alisema kwa sauti ya chini. "Nichome. Nilidhani mkizibeba ataondoka nazo. Sasa umeshamsikiliza, hataondoka tena. Nipe."

"Ulijua, Mama?"

"Nilijua mume wangu aliogopa jioni. Alikuwa anaketi hapa, ananiambia ni akili yake imechoka, amesoma vitabu vingi sana vya magonjwa ya akili. Miaka mitano! Anaambiwa aandike, anakataa. Kuandika ni kumtia baba yake kwa kesi. Ni kusema hili shamba ni la kuibiwa."

"Alikufa vipi?"

Elmina aliangalia kiti kilicholowa.

"Tulimkuta hapo mezani. Hakukuwa na moto, hata taa ilikuwa imezima. Lakini mikono yake… ilikuwa makaa. Mpaka hapa." Alijigusa kifundo cha mkono. "Tulimzika na glavu. Watu tukawaambia ni presha."

Nje, Weldon alipiga honi. Esnah alizikunja zile kurasa tano na ile aliyoandika mwenyewe, akazitia kifuani ndani ya sweta.

"Hizi nitampelekea chifu," alisema. "Ukitaka kunizuia, nizuie sasa."

Kiberiti kilianguka matopeni. Mjane alifunika uso kwa shuka, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa.

"Nenda. Mimi nina wajukuu pia."

Chifu hakuamini, lakini aliogopa kutofanya kitu. Jumatatu alileta askari wawili na vijana wenye majembe. Waling'oa shina la saba kwenye mstari wa tatu. Chini ya futi tatu walikuta majivu magumu, kisha kipande cha chungu, kisha mifupa midogo, myembamba kama vijiti vya kuwashia moto. Elmina alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Mchungaji aliomba. Waliizika upya penye nafasi, na msalaba.

Lakini mifupa ilikuwa ya mtoto mmoja.

Walichimba mstari mzima. Walichimba wa pili na wa nne. Mtoto wa pili hakuonekana. Waliokuwepo mwaka ule wa moto walikuwa wamekufa wote, au walisema hawakumbuki kitu. Esnah alimwandikia Daktari Ogoti kuuliza kama kaseti bado ipo. Barua ilirudi: Ogoti alikuwa amehama nchi, na hakuna aliyejua anwani yake.

Boksi la tisa liliwekwa kwenye stoo ya maktaba, rafu ya chini. Wiki mbili zilipita. Esnah alianza kulala usingizi wa kawaida. Aliacha kunusa nguo zake kila saa.

Alhamisi moja mvua ilianza saa kumi na moja. Wanafunzi walikuwa wameondoka. Bwana Kebaso alitokeza kichwa mlangoni, koti lake tayari mabegani.

"Esnah, kuna mama mzee pale kwenye benchi. Amelowa maskini. Nimemwambia tunafunga, anasema anangojea yule dada anayeandika."

Esnah alishika ukingo wa meza.

"Yuko peke yake?"

"Hapana," Kebaso alisema, akifunga vifungo. "Amebeba mtoto mgongoni. Mtoto mtulivu sana, hata halii. Lakini mwambie apunguze kukaa karibu na moto, huyo mtoto ananuka moshi."

Alisikia viatu vya Kebaso vikishuka ngazi, kisha mlango mkubwa ukijifunga. Kwenye korido, benchi ililia.

Esnah aliitazama mikono yake, yote miwili, mizima. Akachukua kalamu, akatoka.