Disketi Zilizoanikwa na Omena

Asubuhi za Jumamosi Metrine hakuwa na mjadala na kitanda. Jua la Muhuru Bay lilipoanza kupasha mchanga, yeye na mama yake walikuwa tayari wametandaza nyavu ufuoni mwa ziwa na kumwaga omena juu yake. Kazi ya Metrine ilikuwa kuwageuza samaki hao wadogo wakauke pande zote, na kuwafukuza kuku waliodhani karamu imeandaliwa kwa ajili yao. Kazi yake nyingine, ambayo hakutumwa na mtu, ilikuwa kuuliza maswali. Kwa nini omena mbichi huoza na mkavu hukaa miezi? Unyevu ukitoka huenda wapi? Mama yake alimjibu mpaka akachoka, kisha akamwambia amalizie yaliyobaki kwa baba yake mdogo, Sammy.

Sammy alipiga muziki harusini na kanisani, na alikuwa na mashine moja kuukuu aliyoiita sampla. Ukiisikilizisha sauti yoyote, mashine hiyo huinasa. Ukigonga kibonyezo chake, sauti ileile hutoka, hata mara mia. Sauti zenyewe zilikaa kwenye disketi, yaani visahani vyembamba vilivyofungiwa ndani ya vifuniko vya plastiki na kutumbukizwa mdomoni mwa mashine. Thamani ya disketi hizo kila mtu nyumbani aliijua. Babu Mirumbe, baba yake Sammy, alikuwa mpigaji hodari wa orutu, ile fidla ya uzi mmoja, kabla ya kiharusi kuulemaza mkono wake. Sammy alikuwa ameinasa orutu hiyo mlio baada ya mlio. Sasa mzee hakuweza tena kushika upinde, na muziki wake ulikuwa umebaki ndani ya disketi tu.

Lakini unyevu wa ziwa hauna huruma. Mdomo wa sampla ulianza kukataa disketi, na baadhi ya disketi zikaota ukungu. Sammy akaamua kuipeleka mashine Homa Bay kwa fundi Kaltum, aung'oe mdomo ule wa zamani na kuweka kifaa cha kusoma memori kadi. Kwa kuwa ilikuwa likizo, alikubali kwenda na Metrine, maana kumkatalia kungemletea maswali mengi zaidi. Kabla ya safari alimpa kisanduku cha disketi afute vumbi kwa kitambaa kikavu. Afute tu, basi.

Metrine alifuta. Alipofikia zile tatu za chini, akaona madoa meupe ya ukungu, na moyo ukamwambia kwamba kitambaa hakitoshi. Yeye alikuwa mtoto wa ufuoni. Dawa ya unyevu aliijua tangu utotoni. Hakumwuliza mtu. Akazichukua disketi zile tatu, akazianika kwenye wavu kando ya omena, akaenda zake kuchota maji.

Aliporudi, jua la mchana lilikuwa limezipinda kama chapati zilizosahauliwa kwenye kikaango. Alizikandamiza chini ya jiwe mpaka zikaonekana zimenyooka, akazirudisha kisandukuni, akafunga kifuniko, na mdomo wake pia akaufunga. Siku hiyo hakuuliza swali hata moja, na mama yake akadhani anaumwa.

Fundi Kaltum alikuwa na duka la kutengeneza redio na kompyuta karibu na soko la Homa Bay. Alizifungua skrubu za sampla, akautoa mdomo wa zamani, na mahali pake akafunga kifaa kipya chenye tundu dogo. Kisha akamwonyesha Metrine kadi yenye ukubwa wa ukucha. Metrine alijaribu kunyamaza, ila udadisi ukamshinda. Akauliza mashine ya zamani namna ile itaielewaje kadi ya juzi. Kaltum alicheka, akaeleza kwamba kifaa kile huzungumza na sampla kwa lugha ya disketi. Sampla huomba disketi, nacho huifungulia sauti iliyomo kwenye kadi, nayo hupokea bila kujua kwamba imebadilishiwa mpishi.

"Lakini kwanza tuhamishe sauti," alisema Kaltum, akivuta kisomaji cha disketi kilichounganishwa na kompyuta yake. Alieleza kuwa ndani yake mna kichwa kidogo kinachogusa kisahani kinapozunguka. Disketi chafu au iliyopinda hukikwaruza kichwa hicho, nacho kikishakwaruzwa hukwaruza kila disketi inayofuata. Kisomaji kizima alichobaki nacho kilikuwa hicho kimoja.

Kila neno lilimchoma Metrine. Disketi ya kwanza ilisomeka. Ya pili ikasomeka. Mkono wa Kaltum ukarudi kisandukuni na kuishika moja ya zile tatu, ambayo ukungu wake ulikuwa umekauka na kupukutika, na kwa macho haikuwa na kasoro. Metrine akayaona yote mbele yake: kichwa kinakwaruzwa, orutu yote ya babu inafutika, na hakuna atakayejua ni nani. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha zaidi, kwamba asingejulikana kamwe.

"Mama, tafadhali usiiweke hiyo," alimwambia Kaltum. "Hiyo na nyingine mbili nilizianika juani pamoja na omena. Zilipinda, nikazinyoosha kwa jiwe."

Sammy aligeuka na uso uliokunjamana, akataka kujua kwa nini hakusema nyumbani. Metrine alijibu kwamba aliogopa, kisha machozi yakamwahi. Kaltum aliitenga disketi ile, akamwomba Metrine amwonyeshe nyingine mbili, akaendelea na zile nzima hadi zikaisha. Hapo ndipo alipozifungua zile tatu kwa wembe. Visahani viwili vilikuwa salama. Alivisafisha, akavihamishia kwenye vifuniko vingine, navyo vikasomeka. Cha tatu kilikuwa na mkunjo katikati, na Kaltum akakataa kukijaribu.

Sammy alisoma maandishi ya juu ya kifuniko chake. Humo hamkuwa na orutu. Mlikuwa na vigelegele vya Nyakerario, nyanya yake Metrine, alivyopiga siku mumewe alipopiga orutu kwenye harusi ya Sammy. Nyanya alikuwa amefariki.

Jioni ya kesho yake, nyumbani, Sammy alitia kadi kwenye sampla na kugonga kibonyezo. Orutu ikalia, safi kuliko miaka yote ya karibuni. Babu Mirumbe akafumba macho, vidole vya mkono wake mzima vikitembea juu ya goti. Alisikiliza mlio mmoja hadi mwingine, kisha akaomba vigelegele vya mkewe.

Sammy alifungua mdomo kujibu, lakini Metrine akamtangulia. Alimweleza babu yake yote, kuanzia ukungu mpaka jiwe, bila kujipunguzia lolote.

"Nyakwara," alisema babu, kama alivyozoea kumwita mjukuu wake, "sauti ya nyanyako haitarudi, na sitakudanganya kwamba hainiumi moyo. Inaniuma. Lakini sikiliza. Nia yako ilikuwa njema, na mimi napenda unavyouliza. Siku ile ndiyo siku uliyopaswa kuuliza zaidi, ukaacha. Usipojua, uliza kabla hujagusa. Na ukishakosea, sema mapema, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Ungesema nyumbani usingebeba mzigo huo hadi Homa Bay. Ila ulisema wakati bado kulikuwa na kitu cha kuokoa, na ulisema ilhali hakuna aliyekushika. Kwa hiyo nina orutu yangu, na nina mjukuu ninayeweza kumwamini."

Babu akampisha Metrine kwenye kiti chake mbele ya sampla, akamwambia agonge yeye, polepole, na asiruke mlio hata mmoja.