Shemeji Aliziita Kompyuta Zangu Maiti

"Shemeji! Irudishe hiyo kompyuta mezani!"

Nilipiga kelele mpaka muuza vocha wa jirani akatoa kichwa dirishani.

Nimetoka zangu kwenye ibada ya asubuhi, moyo mweupe, nakuta mlango wa duka langu uko wazi... nje kuna mkokoteni... na mdogo wake marehemu mume wangu anatoka na kompyuta kifuani, waya zinaburuta chini kama utumbo!

Na aliyemshikia mlango ni nani?

Binti yangu. Wa kumzaa mwenyewe!

"Mama, usipandishe presha," akasema, macho chini. "Baba mdogo anatusaidia."

"Kutusaidia ndiyo kutuhamisha?"

Shemeji akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Hizi ni maiti, shemeji. Nampa mtu wa vyuma chakavu kabla hazijaanza kunuka."

Ngojeni niwaeleze, msije mkanipotea njiani.

Hili duka la kuchapa na kutoa nakala aliliacha mume wangu. Ndani kuna kompyuta nne za zamani, printa moja yenye kiburi, na mimi niliyeishia shule ya msingi. Kinachotulisha ni kazi ya sekondari moja hapo juu, mitihani yake yote tunachapa sisi.

Sasa mkuu wa shule alikuwa ametuma ujumbe. Ule mfumo wa zamani wa kompyuta, waliouunda wameshauacha, hawauletei tena kinga ya kuzuia wadukuzi, na yeye hataki mitihani yake ichapwe humo ikavuja. Jumatatu anakuja kukagua. Akikuta hatujaweka mfumo mpya, kazi anaihamisha.

Na kazi ikihama, duka nafunga. Hakuna njia nyingine.

Shemeji akajitolea kuleta fundi, jamaa mmoja wa raba nyeupe na manukato mengi. Fundi akajaribu kuingiza mfumo mpya, kompyuta zikagoma. Hapo ndipo wakaamua, mimi nikiwa ibadani, kuzibeba.

"Skrini imesema yenyewe," shemeji akanikazia. "Imeandikwa kabisa, kompyuta hii imekufa!"

Mimi Kiingereza sikijui. Lakini macho ninayo.

Nikautazama ule mkokoteni. Chini wametandika godoro. Kompyuta ya kwanza wameshailaza, wameifunika na blanketi.

"Tangu lini chuma chakavu kinalazwa kwenye godoro?"

Mwenye mkokoteni akajifanya anabonyeza tairi.

"Rudisheni ndani. Zote!"

"Shemeji, acha ubishi..."

"Ubishi ndio umenilelea watoto. Rudisha!"

Wakarudisha, shemeji anasonya kila hatua. Nikamwambia binti yangu awashe moja, auite tena ule ujumbe alioupata fundi.

"Haya, nisomee hayo maneno ya fundi. Neno kwa neno. Usinitilie chumvi."

Binti akainamia skrini.

"Inasema... kompyuta hii... haijatimiza masharti ya mfumo mpya."

"Imesema imekufa?"

"Hapana, mama."

"Imesema haiwezi?"

"Hapana... imesema haijatimiza masharti."

Masharti!

Jamani, nyie mnaonisoma, muulizeni mjane yeyote kuhusu hilo neno. Nilipofiwa, ukoo ulikaa kikao ukaniwekea masharti. Duka lisimamiwe na mwanaume. Mimi nikae nyumbani nisubiri kuletewa. Sikutimiza hata moja, na duka likafunguliwa kila asubuhi.

Kwa hiyo nikajua hapo kuna mtu kaweka sharti. Na mtu huulizwa.

"Sawa!" shemeji akafoka. "Jumatatu nakuja na mkuu mwenyewe, uaibike mchana kweupe!"

"Karibu. Uje na kiti chako, mimi wageni wangu ni wengi."

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Flashi. Huyu ni fundi wa simu na kompyuta kwenye baraza za sokoni, mama mnene mcheshi, flashi anaivaa shingoni kama kidani. Nikamweleza.

"Kuingia mfumo utaingia," akasema. "Ila nikwambie ukweli kabla sijashika kitu. Mfumo mpya una mlinzi getini. Anakagua kama kompyuta ina kidude fulani cha usalama, na kama ubongo wake ni wa miaka ya karibuni. Zako hazina. Mimi natengeneza flashi ambayo mlinzi kapewa likizo."

"Halafu?"

"Halafu unaingia, unafanya kazi. Lakini waliouunda hawajakuahidi kitu. Leo kinga inakuja, kesho inaweza kugoma. Masasisho makubwa yatabidi nije kuyaweka kwa mkono wangu."

Nikafikiri. Nikamuuliza lililokuwa linanikaba.

"Mwenzangu... hii si dhambi? Si wizi?"

Mama Flashi akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Marehemu alizinunua na leseni halali?"

"Halali kabisa. Yule mtu alikuwa anaogopa hata pipi ya bure."

"Basi hujaiba. Umeingia ukumbini na viatu vya zamani, basi!"

Akaja dukani. Kwanza akanakili kazi zetu zote kwenye diski ya nje. Alisema mfumo ukichafuka hataki kumwona mtu analia. Kisha akachomeka flashi.

Ya kwanza... ikaingia!

Ya pili, ikaingia!

Ya tatu, ikasuasua, ikajizima, ikawaka, mimi midomo inacheza na sala... ikaingia!

Ya nne ilikuwa ile ya marehemu mwenyewe. Skrini ikawa nyeusi. Tukarudia, nyeusi.

"Hii siyo mlinzi tena, mama," Mama Flashi akasema taratibu. "Ubongo wake haujui lugha ya huu mfumo. Hii ndiyo haiwezi kweli."

Nikaipangusa vumbi, nikaifunika kitambaa. Ubishi wangu una akili. Haiwezi ni haiwezi.

Binti yangu akaninong'oneza.

"Mama, mkuu akija mwonyeshe skrini tu. Hatajua kitu."

Hata Mama Flashi akaitikia. "Kweli, kaa kimya."

"Nimemwomba Mungu anisimamie," nikawajibu. "Nitamwombaje asimamie uongo?"

Jumatatu ikafika.

Mkuu wa shule akaingia na miwani yake mizito. Nyuma yake shemeji, suti imenyooshwa. Nyuma ya shemeji yule fundi wa raba nyeupe. Mama Flashi nilikuwa nimemwita, amekaa pembeni anamenya karanga.

Mkuu akainama kwenye skrini, akabonyeza hapa, akabonyeza pale.

"Mfumo mpya huu! Mama, umenunua kompyuta mpya?"

Shemeji akatoa macho. "Haiwezekani!"

Binti yangu akanifinya kiuno. Yaani nilikuwa naweza kuitikia kwa kichwa tu, mambo yakaisha...

"Hapana, mkuu. Ni zile zile za zamani. Zimeingizwa mfumo bila kukaguliwa mlangoni. Kinga zinapokea mpaka leo, lakini wenye mfumo hawajaahidi kesho. Fundi wangu huyu hapa atakuwa anazipitia. Ukiridhika tunaendelea. Usiporidhika, angalau hujadanganywa."

Shemeji akapiga makofi!

"Mmesikia? Za kuungaunga! Mkuu, si nilikwambia? Dukani kwangu zote mpya, kutoka kwenye boksi. Kazi ilete kwangu."

Dukani kwake?!

Shemeji ana duka? Tangu lini?

Nikamgeukia binti yangu. Akainamisha kichwa.

Alikuwa anajua.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Flashi akapangusa maganda mapajani.

"Samahani, bwana. Duka lenyewe ni lile nyuma ya kituo cha mafuta? Mlango wa bluu?"

"Ndiyo," shemeji akajibu kwa maringo. "Umelisikia, eh?"

"Nimelisikia nini! Nimeingia! Hizo kompyuta zako nimeziwekea mfumo mimi, kwa flashi hii hii unayoiona. Ni kuukuu kuliko za mama. Na huyu baba wa raba nyeupe ndiye aliyenishikia tochi!"

Tukageuka kumtazama wa raba nyeupe.

Raba zilikuwa zimeshafika barabarani.

Kumbe jamani! Tangu mwanzo shemeji alijua inawezekana! Kumbe maiti zangu zilikuwa zinapelekwa kwake zikafufuliwe, zipangwe mezani kwake, zichape mitihani ile ile!

Mkuu akavua miwani.

"Bwana, wewe ulinihakikishia ni mpya."

"Mkuu, unajua biashara..."

"Kompyuta zenu zote ni kuukuu. Fundi wenu ni mmoja. Tofauti ni kwamba huyu mama kaniambia na wewe umenificha. Mtihani ni siri, bwana. Siri naiweka kwa mtu ambaye hakunidanganya hata pale uongo ulipomfaa." Akanigeukia. "Mama, kazi ya muhula huu nitakuletea kesho. Huyo fundi asikauke hapa."

Shemeji akatoka bila kuaga. Baadaye mkuu na Mama Flashi nao wakaaga.

Tukabaki wawili. Binti yangu akaanza kulia.

"Aliniahidi ningekuwa msimamizi kule kwake, mama."

"Ukanishikia mlango."

"Nisamehe..."

"Nimekusamehe. Kaa, uchape. Lakini funguo nipe."

Akazitoa kwenye mkoba, akaniwekea kiganjani. Nikamwambia siku akizistahili nitamrudishia, na nilimaanisha.

Wapendwa, nawaachia hili. Mtu akikusomea jambo kwa lugha usiyoijua, mwambie asome neno kwa neno. Akikwambia "haiwezekani," muulize haiwezekani kwa nani, na tazama yeye amesimama wapi wakati anasema. Na wewe ukipata njia ya kupita, pita uso wazi. Usipite kwa kujificha, utakuja kutajwa na mmenya karanga.

Na wewe shemeji, najua unasoma hapa kwa akaunti ya mke wako...

Kufuli nimeshabadilisha!