Kibandiko Chekundu

Watu walikuwa wamesongamana katika ukumbi wa sanaa wa mji ule mkongwe wa pwani, na mfamasia mgeni, aliyekuja kutembea pamoja na shangazi yake, akarudi kinyumenyume ili autazame vyema mlango wa nakshi. Akamkanyaga mtu.

"Samahani, kaka yangu!"

"Kanyaga na mguu wa pili, dada, usije ukaona wivu," akajibu mtu huyo, mchoraji wa pale ukumbini, akichechemea kwa madaha.

Kabla ya adhuhuri, mfamasia alikuwa ameketi kwenye baraza la mawe, gauni la zambarau, mtandio mweupe, akichorwa kwa makaa huku shangazi akiwalinda kwa jicho moja. Mikono yake ilizoea kupima dawa, lakini furaha ya asubuhi ile haikupimika.

"Sharti langu moja," alisema. "Sura yangu isiuzwe. Sitaki kutundikwa sebuleni kwa nisiyemjua."

"Nakuahidi, malkia."

Kesho yake waliporudi ukumbini, picha ilikuwa ukutani. Pembeni yake, kibandiko chekundu: IMEUZWA.

Hakuuliza. Alimshika shangazi mkono, wakashika njia ya kituo cha mabasi. Simu yake ikalia, mchoraji anapiga; ikalia tena, akaizima.

"Ungempokea, mwanangu. Hata mshtakiwa husikizwa."

"Nimsikize nini? Ahadi yake haikulala hata usiku mmoja!"

Wakati abiria wakipanda, mchoraji akatokea mbio, anahema.

"Nani kaninunua?" mfamasia akafoka.

"Mimi."

"Wewe?"

"Nilitaka uikute picha yako mahali pa heshima. Lakini ukumbi hautundiki kisichouzwa, na mnunuzi akija hakataliwi. Basi nikawahi, nikajiuzia mwenyewe."

Shangazi akacheka hata akaegemea begi. Mfamasia akainama, haya zimemvaa.

"Nisamehe. Nimekuhukumu kabla ya kukusikia."

"Nimekusamehe, mpenzi. Lakini kubaki na picha bila mwenyewe ni adhabu. Niruhusu nije kwenu, nikupose kwa wazazi, kwa njia ya halali."

Kabla hajajibu, shangazi alikwishabonyeza simu yake. "Haloo, kaka? Fagia ua, binti yako anaposwa!"

"Shangazi! Mimi sijasema ndiyo!"

"Basi sema upesi, mwanangu, salio linakwisha."

Mfamasia akasimama kwenye ngazi ya basi, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Ndiyo," akasema, na basi zima likashangilia.