Nguzo za Tangi la Nabwire

Nabwire aliuza mitumba katika soko la Kombewa. Kila asubuhi akifungua mlango, kitu cha kwanza kuona kilikuwa tangi la maji la jirani yake, Waithera. Lilikaa juu ya nguzo nne za zege zisizo na ufa hata mmoja. Roho ilimuuma.

Yeye naye alikuwa na tangi juu ya nguzo kama hizo. Fundi alikuwa yuleyule, Wekesa, na simiti ileile. Lakini baada ya miezi mitano tu zake zilipasuka na kuanza kumeguka. Binti yake Terry na watoto wengine walizoea kucheza chini ya tangi hilo.

"Waithera alitiliwa simiti, mimi nikatiliwa mchanga," alimwambia mumewe, Ouma. Akaacha kumsalimia jirani.

Ouma alimwaga maji ya tangi na kuwakataza watoto kukaribia. Kisha akamwita binamu yake Lornah, aliyefanya kazi katika maabara ya vifaa vya ujenzi mjini Kisumu. Lornah alikata kipande cha nguzo. Nabwire akashikilia kwamba cha Waithera kikatwe pia, ili wizi uonekane. Waithera hakukataa.

Baada ya wiki mbili Nabwire aliitwa maabarani. Lornah alimweleza kwamba vipande vilisuguliwa hadi vikawa vyembamba kuliko unywele, mwanga ukapenya. Kisha akamkalisha mbele ya hadubini, chombo cha kukuza vitu vidogo.

"Mama Terry, simiti yenu ni moja," alisema. "Lakini kokoto zako zimefunikwa na udongo, kwa hivyo simiti haikushika. Na hivi vitundu vimeachwa na maji yaliyozidi."

Nabwire alikumbuka siku ya kumwaga zege. Siku ile Wekesa alitaka kuosha mchanga na kokoto. Yeye alikataa, kwa sababu alitaka kumaliza kabla ya Waithera. Zege lilipokuwa zito, alimimina ndoo za maji kwa mkono wake mwenyewe.

Alikwenda kwa Waithera kuomba msamaha. Waithera alimweleza alivyofanya. Aliosha kokoto mpaka maji yakatoka safi. Maji ya kuchanganyia aliyapima. Nguzo alizifunika kwa magunia, akazimwagilia siku saba.

Nguzo mbovu zilibomolewa, Wekesa akajenga nyingine kwa njia hiyo. Mvua kubwa ikajaza tangi, na nguzo hazikupata ufa.

Waithera alikuja kutazama. Alipapasa nguzo, laini kuliko zake, akakaa kimya. Nabwire alikijua kimya hicho, kwani ndicho alichokuwa nacho yeye alipoacha kumsalimia. Akamshika mkono, akamkaribisha chai.