Kiraka Chini ya Boti

Shakira alipotoka shuleni hakwenda kucheza. Alivua sare, akavaa suruali kuukuu na shati la mikono mirefu, akafunga kitambaa puani, kisha akaingia chini ya boti na kipande chake cha msasa. Jioni zake zote zilikuwa hivyo tangu shule ifunguliwe. Vumbi la faiba, nyuzi za kioo zilizoundia boti hiyo, lilimwasha shingoni na viganjani, na hata baada ya kuoga alilala akijikuna.

Boti ilikuwa ya baba yake, Usumani, fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo. Zamani ilitumika kuvulia samaki katika Ziwa Muhazi, kisha ikapasuka, na mwenyewe wa kwanza akaitelekeza ufukweni. Twahiru, mdogo wake Usumani aliyekuwa mvuvi huko, aliiomba na kuileta Kigali kwa lori. Sasa ilijaza ua mzima, imeinuliwa juu ya matofali. Majirani waliuliza kila siku kama meli itang'oa nanga asubuhi au jioni.

Usumani alicheka nao, lakini moyoni hakuwa na kicheko. Macho yake yalikuwa yanafifia. Kutunga uzi kwenye sindano kulimchukua muda mrefu, na wateja walikuwa wameanza kurudisha nguo zilizoshonwa kombo. Alitaka kwenda kuvua na Twahiru kabla cherehani haijamshinda kabisa. Kuogelea hakujua hata kidogo.

Basi walianza ukarabati, na walianza vibaya. Kitambaa cha faiba kilipofika, Usumani alifurahi, maana vitambaa alivijua. Alikata viraka, akakunja pindo pande zote nne, akavibandika kwa gundi. Fundi nguo gani angeacha nyuzi zikining'inia? Bayingana, jirani yao aliyetengeneza bampa za faiba za magari huko Kicukiro, alikuja kutazama. Aligonga kiraka kimoja kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mzee Usumani, hii si kanzu," alisema. "Ukikunja, hewa inabaki ndani, maji itaingia. Acha nyuzi wazi, gundi ishike yote. Na kwanza musugue mpaka mng'aro iishe. Mahali iko inang'aa, kiraka kitabanduka."

Viraka kumi na kimoja vilibanduliwa, na kazi ya wiki tatu ikarudi mwanzo. Waligawana. Usumani angekata na kubandika, Shakira angesugua. Mng'aro ulikuwa kitu ambacho macho ya baba yake hayakuweza tena kukiona, kwa hiyo kila mara aliuliza, "Umekwisha?" na Shakira akisema umekwisha, alipaka gundi.

Siku zikapita, vikabaki viraka vitano, kisha viwili, kisha kimoja. Hicho cha mwisho kilikuwa nyuma kabisa, chini ya ubao mpya wa kufungia injini. Ilikuwa Alhamisi. Shakira alikuwa amelala kifudifudi, mabega yakimuuma, na kesho yake alikuwa na mtihani wa hesabu. Tusimlaumu kwa kuchoka, kwani hata mtu mzima angechoka. Alisugua nusu, akatazama nusu iliyobaki, akaichukia.

"Umekwisha?" baba yake aliuliza.

"Umekwisha, Papa."

Ijumaa rangi ya kijani ilipakwa, na boti ikapendeza. Twahiru alipiga simu kusema kuwa Jumapili yeye na kaka yake wangevuka hadi katikati ya ziwa. Usumani alijaribu jaketi okozi mbele ya kioo, akajicheka. Shakira aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu.

Jumamosi ilikuwa siku ya umuganda. Kazi ya kusafisha mtaa ilipokwisha, lori likafika, na wanaume wanane wakashika boti tayari kuinyanyua. Shakira akasimama mbele yao.

"Papa, boti isiende. Kiraka cha nyuma sikusugua chote. Nilikudanganya."

Usumani alichukua patasi, akaisukuma kwenye ukingo wa kiraka. Upande mmoja ulishika. Upande wa pili uliinuka wote, rangi na kila kitu. Alipapasa pale kwa vidole, akakuta utelezi mtupu. Kisha akaomba radhi kwa dereva, na lori likaondoka tupu.

Wanaume walipotawanyika, aliketi juu ya tofali. Alionekana mzee kuliko siku zote.

"Kuchoka si kosa," alisema taratibu. "Hata mimi nimechoka, mwanangu. Ungesema, tungepumzika. Lakini mimi sioni. Ukisema umekwisha, naweka roho yangu hapo."

Shakira alilia. Jumatatu alirudi chini ya boti. Alisugua mpaka mikono ikagoma, akatoka na kusema, "Papa, nimechoka. Bado robo." Baba yake alifunika kopo la gundi bila kunung'unika. Walimaliza Jumatano.

Jumapili iliyofuata familia ilisimama ufukweni Muhazi. Injini ilikuwa imefungwa, na wavuvi walisogea kutazama. Usumani alivaa jaketi lake, akamgeukia binti yake.

"Shakira, tupande?"

Twahiru alicheka. "Kaka, wavuvi wote hawa wako hapa, unauliza mtoto?"

"Namuuliza yeye," Usumani alijibu. "Alisema kweli wakati lori liko mlangoni na watu wote wanamtazama. Wengi tungenyamaza. Mtu anayeweza kukuambia kazi yake ni mbovu, huyo akikuambia ni nzima, unaweza kumwamini."

Shakira alikumbuka kila shubiri aliyoisugua.

"Pandeni, Papa," alisema.

Baba yake hakuinama kukagua. Alinyanyua mguu, akapanda.